Chupa Tupu na Kazi ya Bwana

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni)

Masomo: Yohana 6:1–13, 2 Wafalme 4:1–7

  

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda hamjapata kulisikia katika ibada. Twataka kuzungumza juu ya chupa tupu na mikebe mitupu. Msicheke, ndugu zetu. Mungu wetu ametumia fimbo ya mchungaji, taya la punda na mtungi wa mjane. Hashindwi kutufundisha neno kwa chupa ya soda.

Katika Injili ya Yohana, mlango wa 6, twasoma jinsi Bwana Yesu alivyowalisha wanaume wapatao 5,000 kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Habari hii twaijua tangu Shule ya Jumapili, lakini mara nyingi twaishia pale watu waliposhiba. Yohana haishii hapo. Atueleza ya kwamba watu walipokwisha kula, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wapite wakusanye mabaki, kwa maana hakutaka chochote kipotee. Wakapita, wakajaza vikapu 12.

Lifikirini neno hili. Yeye aliyeweza kulisha mkutano mzima kwa chakula cha mtoto mmoja hakuwa na haja ya makombo. Kama angetaka mikate mingine angeipata. Hata hivyo hakuruhusu mabaki yaachwe nyasini. Tena kazi ya kuinama na kuokota hakuwapa watoto wala watumwa. Aliwapa wanafunzi wake mwenyewe, watu waliokuwa wakifikiri habari za viti vya heshima.

Somo letu la pili latoka 2 Wafalme 4. Mjane mmoja wa watumishi wa Mungu alikuwa na deni, na mdai alikuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nyumbani alikuwa na chupa moja ya mafuta, basi. Nabii Elisha alimwambia aende kwa majirani kuazima vyombo vitupu, wala asiazime vichache. Akafunga mlango, akamimina, na mafuta yakaendelea kutoka mpaka chombo cha mwisho kilipojaa. Ndipo yakakoma. Akauza, akalipa deni, na yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyosalia.

Twaona basi ya kwamba katika nyumba ile vyombo vitupu vya majirani ndivyo vilivyokuwa kipimo cha baraka. Kila jirani aliyesema, "Mimi nina chungu tu, tena kikuukuu, chukua," alikuwa na sehemu yake katika kuwaokoa watoto wale wawili. Hakuwa ametoa fedha. Alitoa chombo ambacho kilikuwa kimekaa bure pembeni.

Desturi ya huko na ya hapa

Katika nchi nyingine iko sheria ya amana ya vyombo. Mtu akinunua soda hulipa senti chache juu ya bei yake; na akirudisha chupa au mkebe mtupu, hurudishiwa senti zake. Huko Marekani jimbo la Oregon lilitangulia kupitisha sheria hiyo mwaka 1971. Amana ilikuwa senti 5, na tangu mwaka 2017 ni senti 10. Katika jimbo la Michigan wananchi wenyewe walipiga kura kuikubali mwaka 1976. Ujerumani iliiweka mwaka 2003 kwa mikebe na chupa za kutumiwa mara moja. Kwa sababu hiyo, huko Marekani na Kanada utaona kanisa, au shule, au skauti, wakichagua siku moja, wakipita nyumba kwa nyumba kuomba chupa na mikebe, wakairudisha, na amana ile ikawa mchango wa kazi fulani.

Sisi hapa Kenya hatuna desturi hiyo kwa mikebe, lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Ni nani kati yetu ambaye hakutumwa dukani utotoni na chupa tupu mkononi? Ukienda bila chupa, mwenye duka alikuambia uweke pesa za chupa, la sivyo unywe soda palepale umesimama. Na leo, licha ya chupa za kioo, wako wanunuzi wa mikebe ya alumini na wa chupa za plastiki, nao hununua kwa kilo. Basi ushirika ukitaka kuchangisha kwa njia hii, mlango uko wazi.

Hebu tuwaeleze habari za ushirika mmoja katika mitaa yetu ya mjini. Darasa la Shule ya Jumapili lilikuwa limeharibika paa. Mabati yalikuwa yamekula kutu, na mvua ikinyesha watoto walihamia nyuma ya kanisa, wakasongamana katikati ya ibada ya watu wazima. Fedha za kuezeka hazikuwapo. Katika baraza la kanisa baadhi ya wazee walisema, "Tufanye harambee, tualike mgeni mkubwa."

Harambee ni jambo jema. Shule nyingi na zahanati nyingi za nchi hii zilijengwa kwa harambee tangu tulipopata uhuru mwaka 1963, wala hatuidharau. Lakini twajua pia yaliyoingia ndani yake. Mgeni mkubwa hutoa nyingi, husimama mbele, hushika kipaza sauti, na mara Neno la Mungu huwa fupi ili hotuba iwe ndefu. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza ya kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubu katika ibada za Kanisa letu la Anglikana. Mama mmoja, kiongozi wa akina mama, alisimama barazani akauliza swali jepesi: "Wazee wetu, siku ya harambee yule bibi anayekaa kiti cha nyuma, asiye na kitu, yeye hutoa nini? Hutazama tu wengine wakitoa. Lakini chupa, hata yeye anazo chini ya kitanda."

Ndivyo lilivyoanza shauri la chupa. Na katika shauri hilo yalizuka maswali matatu. Twawaletea maswali hayo, kwa maana ushirika wowote utakaoianza kazi hii utakutana nayo.

Swali la kwanza: aibu

Vijana waliuliza, "Je, watu hawatasema ya kwamba Kanisa limekuwa la kuokota taka?" Ni swali la kweli. Mtu aliyesoma, aliyevaa suti yake ya Jumapili, haoni raha kubeba gunia la mikebe begani kupita mbele ya majirani.

Lakini tuwarudie wanafunzi wale wenye vikapu. Tena tuitazame nchi yetu. Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 ilitangazwa ya kwamba limekwisha kujaa. Hata hivyo magari yameendelea kumwaga. Mkebe uliotupwa nyuma ya nyumba hushika maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Ndugu zetu wa Mombasa waliougua homa ya dengi mwaka 2013 wajua mbu hao ni wa namna gani. Kioo kilichovunjika njiani humngoja mtoto asiye na viatu. Plastiki ikichomwa shambani hutoa moshi wenye sumu. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 wengi tulinung'unika, lakini mitaro yetu yajua faida yake. Na sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka yataka taka zinazooza na zisizooza zitengwe tangu nyumbani.

Basi aibu ni ipi? Kuzikusanya chupa, au kuzitupa? Dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Mtu akitupa takataka katika shamba la baba yake, si anayeokota anayestahili kuona haya.

Swali la pili: chupa za pombe

Swali hili lilichukua jioni nzima. Wengine walisema, "Kioo ni kioo. Fedha ni fedha. Chupa ya bia ina amana yake kama ile ya soda." Wengine walikumbusha ya kwamba katika Kumbukumbu la Torati 23 Mungu alikataza malipo ya uchafu yasiletwe nyumbani mwake kuwa nadhiri. Ndipo akasimama mzee mmoja aliyeokoka miaka mingi iliyopita, akasema polepole, "Mimi chupa hizo zilinila shamba. Mkizipanga mlangoni mwa kanisa, nitapita, lakini moyo wangu utauma."

Hakuna aliyemjibu. Waliposhauriana tena walikubaliana hivi: kioo chenyewe hakina dhambi, lakini ndugu aliye dhaifu ana thamani kuliko kreti nzima ya chupa, kama Mtume Paulo anavyotufundisha katika Warumi 14. Chupa za pombe hazitapokelewa katika mchango ule. Wala mtoto yeyote hatatumwa kwenye baa kuomba wala kurudisha chupa, hata kama ni za soda.

Twaona hekima katika neno hilo, nasi twaongeza shauri moja. Tukumbuke makuhani wa Mathayo 27. Waliona haya kuzitia fedha za Yuda katika sanduku la hazina, lakini hawakuona haya kumnunua Mtu asiye na hatia kwa fedha zilezile. Tusiwe waangalifu kwa chupa na wazembe kwa mtu. Ikiwa mama ataleta gunia lake, na mkifungua mwaona ya kwamba karibu zote ni chupa za pombe kali, msimrudishe kwa dharau mbele ya watu. Huenda ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuwaambia habari za nyumba yake. Liwekeni gunia kando, na mmoja wa akina mama amsindikize hadi kwake, akasikilize. Kazi ile itapita mabati kwa thamani.

Swali la tatu: mkulima na pembe za shamba

Swali la tatu halikutoka barazani. Jumapili ile mchango ulipotangazwa kwa mara ya kwanza, kabla hata chupa moja haijaletwa, mwanamke mmoja alikuwa langoni mwa kanisa na gunia lake, mtoto mgongoni. Yeye huishi kwa kuokota plastiki na mikebe mtaani na kuiuza. Alikuwa amesikia tangazo kwa kipaza sauti. Alimsubiri yule kiongozi wa akina mama atoke, akamwambia, "Shikamoo mama. Mkianza na nyinyi, sisi tutaokota nini?"

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Kanisa lina mikono mingi. Lina vijana, lina mikokoteni, lina kipaza sauti. Likiamua kuokota kila chupa ya mtaa ule, litaokota kwa siku moja kile ambacho mwanamke yule hukiokota kwa mwezi mzima. Mabati yatapatikana, lakini kuna mtoto atakayelala njaa, wala hakuna atakayeandika jambo hilo katika kitabu cha hesabu.

Mungu alilinena jambo hili zamani. Katika Walawi 19 aliwaagiza Israeli, wakati wa mavuno wasivune mpaka pembe za shamba, wala wasirudi kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Ruthu Mmoabi aliishi kwa agizo hilo yeye na mkwewe Naomi. Na kama Boazi angekuwa mtu wa kuvuna mpaka punje ya mwisho, hata kama ni kwa ajili ya hekalu, Ruthu angelala njaa. Yatupasa kukumbuka ya kwamba Daudi alitoka katika ukoo wake, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Mwokozi wetu.

Baraza lilikutana tena na kuamua hivi. Kanisa halitaokota chupa wala mkebe njiani, wala sokoni, wala jaani, wala katika mapipa ya taka. Hizo ni pembe za shamba. Kanisa litapokea tu vile ambavyo Wakristo wenyewe wataleta kutoka majumbani mwao, na vinavyosalia katika arusi na mikutano ya ushirika. Na mtu ambaye kwa kawaida humwekea mwokotaji fulani chupa zake, asimwondolee. Aendelee kumpa yeye, na Mungu ataihesabu kuwa sadaka. Zaidi ya hayo, kazi ya kubeba magunia hadi kwa mnunuzi walipewa waokotaji watatu wa mtaa ule, kwa ujira, naye mwanamke yule alikuwa mmoja wao. Wao ndio waliojua ni mnunuzi gani ana mizani ya haki.

Namna ya kuifanya kazi

Sasa, kwa ushirika utakaotaka kujaribu, yafuatayo ni mambo ya kuzingatia.

Kwanza, mtafuteni mnunuzi kabla ya kutafuta chupa. Nendeni watu wawili kwa mwenye duka la jumla mkamwulize ni chupa zipi za soda anazipokea, na pesa za chupa ni ngapi. Atakuambieni ya kwamba hataki iliyovunjika mdomo, na kwamba chupa za kampuni moja hazirudishwi katika kreti ya kampuni nyingine. Kreti ya soda ndogo huchukua chupa 24; hesabuni kwa kreti.

Pili, tengeni mikebe kwa sumaku. Mkebe wa alumini haushikwi na sumaku. Mkebe wa chuma hushikwa. Bei zake si moja, na aliyechanganya hupunjwa. Mkebe mtupu wa soda una uzito wa gramu 13 hadi 15 hivi, kwa hiyo kilo moja yahitaji mikebe 70 hivi. Waambieni watu mapema, wasije wakaleta mikebe 10 wakitazamia mabati. Alumini hutafutwa kwa sababu kuiyeyusha upya huokoa karibu asilimia 95 ya nguvu inayotumika kuitoa katika mawe ya ardhini.

Tatu, osheni vyombo, vikausheni. Mkebe wenye maji au mchanga ndani huongeza uzito, lakini Mithali 11 yatuambia jinsi Bwana anavyoiona mizani ya hila. Kanisa likimpunja mnunuzi gramu chache za mchanga, limeuza ushuhuda wake kwa bei ya mchanga.

Nne, chungeni mali ya watu. Chupa iliyo katika kreti ya kibanda si chupa tupu ya kuokota. Ni mali ya mwenye kibanda. Wafundisheni watoto hivyo waziwazi. Tena msipokee waya, wala vifuniko vya mitaro, wala vipande vya vyuma ambavyo hamjui vilikotoka. Mwezi wa Januari mwaka 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi baada ya vyuma vyake kuibwa, sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani, na Serikali ikasimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda. Uzeni kwa mnunuzi mwenye leseni, kama sheria ya mwaka 2015 inavyotaka, na mpewe risiti.

Tano, kioo kishikwe na watu wazima wenye glavu. Watoto na walete chupa za plastiki na mikebe, nao wataifurahia kazi.

Sita, hesabu. Katika 2 Wafalme 12 mfalme Yoashi alitaka hekalu litengenezwe. Fedha zilikuwa zikitolewa, lakini mwaka wa 23 wa utawala wake nyufa zilikuwa bado zimeachwa vilevile. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, wakazifunga katika mifuko, wakawapa wasimamizi wa kazi. Angalieni: waliohesabu walikuwa wawili, na wasimamizi wa kazi wakawalipa seremala na waashi. Fanyeni vivyo hivyo. Watu wawili wapime, mweka hazina aandike, na Jumapili ile ile itangazwe: chupa kadha, kilo kadha, shilingi kadha. Watu hawachoki kutoa, huchoka kutojua.

Chupa yenye amana

Ushirika ule haukutajirika kwa chupa. Fedha zilikuja kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, na zilitosha kuezeka upande mmoja tu wa paa. Upande wa pili uliezekwa kwa sadaka za kawaida, kwa sababu watu waliokuwa wamezoea kukaa kimya walipoona upande mmoja unang'aa waliona ya kwamba kazi ni yao. Na yule bibi wa kiti cha nyuma alileta chupa zake saba za soda, zimeoshwa, zimefungwa katika leso. Zilihesabiwa mbele ya watu kama za mtu mwingine yeyote. Alisema ya kwamba tangu mumewe afariki hakuwa amepata kusikia jina lake likitajwa kanisani kati ya waliotoa.

Ndugu wapenzi, kabla ya kuagana tutazame chupa yenyewe. Chupa ya soda iliyotupwa nyuma ya nyumba, imejaa udongo, mchwa wamejenga ndani yake, hakuna anayeitamani. Lakini thamani yake haikuondoka. Kwa nini? Kwa sababu amana yake ililipwa tangu mwanzo. Uchafu hauwezi kuifuta amana. Kinachohitajika ni mtu wa kuiokota, kuiosha na kuirudisha kwa mwenyewe.

Huenda unatusikiliza asubuhi hii ukijiona kuwa mtu aliyetumiwa akaachwa. Kazi imekwisha, ndoa imevunjika, watoto hawakupigii simu, pombe imekumaliza. Umekaa gizani kama kitu kitupu. Mpendwa, gharama yako ililipwa pale msalabani kabla hujaanguka, wala haijafutwa. Yeye aliyekataa makombo ya mikate yapotee hatakubali wewe upotee. Yuko tayari kuinama. Yuko tayari kukuosha. Wewe kubali tu kuokotwa.

Na sisi tulio kanisani tujiulize. Twajua kuhesabu kreti. Je, twajua ni nani hayupo kitini pake Jumapili hii? Twajua mkebe upi washikwa na sumaku. Je, twajua ni jirani yupi anayefungiwa nyumba kwa ajili ya deni, kama mjane wa Elisha? Na langoni petu, ni nani amesimama na gunia lake akitaka kutuuliza swali, nasi twapita haraka kwa kuwa ibada imekwisha?

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuumba na kutukomboa, twakushukuru kwa kuwa hakuna kilicho kidogo machoni pako. Utusamehe tulivyotupa vitu, na zaidi tulivyotupa watu. Zibariki shirika zote zinazotafuta kuitengeneza nyumba yako. Uwape mikono safi na mizani ya haki. Uwakumbuke wote wanaoishi kwa kuokota, uwalinde na magonjwa na dharau, ukawape watoto wao chakula cha leo. Utufundishe kuacha pembe za shamba. Na yeyote aliye mtupu asubuhi hii, umjaze. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.